Ukuta wa Lucca

Niliporudi, Magomeni nzima ilitaka habari.
"Mji gani huo?" akauliza Mama Tegemea.
"Lucca."
"Kama Injili?"
Kama Injili, nikasema, maana miguu ilikuwa imevimba
na begi bado sijalifungua.

Nianze wapi?
Mwanangu Havijawa anamwogesha mzee wa watu kule,
Sinyori Ottavio, miaka tisini na mmoja,
anayedai supu kwa kugonga kijiko mezani.
Pesa ya kijiko hicho ndiyo iliyonikatia tiketi.

Mji una ukuta.
Si kama hizi kuta zetu zenye meno ya chupa,
na mbwa mkali aliyeandikwa getini, mwenyewe hayupo.
Ule ni mpana, gari lingepita juu yake,
na juu kuna miti mikubwa, kuna mabenchi,
kuna watu wazima wanaokimbia bila kufukuzwa na mtu.
Siku ya kwanza niliukanyaga kwa adabu,
kama anayepita juu ya kaburi la asiyemjua.

"Tembea, mama," Havijawa akacheka.
"Waliujenga miaka mia na ushei wakimngoja adui.
Adui hakuja."
"Sasa kazi yake nini?"
"Mto ulikuja. Wakafunga malango,
wakaziba kila ufa, mji ukabaki mkavu."

Hapo nikasimama.
Mbele yangu minara, mmoja umeota miti kichwani,
kengele zinalia, mtoto analamba aiskrimu,
na mimi naiona Jangwani:
godoro langu la harusi likielea kuelekea darajani,
cherehani imelala kifudifudi kwenye tope,
marehemu Shomvi amesimama juu ya meza
ameshika redio juu, kama anamwonyesha Mungu.

Sikumwambia Havijawa. Alikuwa tumboni mwaka ule.

Jumamosi tukapanda vilimani na mzee kwenye kigari chake.
Chini ya mizeituni wametandaza nyavu.
Nikadhani hawa watu wanavua samaki nchi kavu.
Wanachana matawi kwa vitana virefu,
taratibu, kama unavyomsuka mtoto mwenye kichwa chepesi kuuma,
na zeituni zinadondoka pwata, pwata.
Nami nikachana. Mgongo ukaniambia umri wangu.
Jioni mzee akachovya mkate kwenye mafuta mapya,
ya kijani, makali, yanakwaruza koo,
akanipa mimi kwanza.
Hatuna lugha moja. Nilikohoa, akakohoa, ikatosha.

Chupa niliyokuja nayo haikufika kwenye chakula.
Mama Tegemea kapaka magoti.
Wajukuu wa nyumba ya pili wamepaka nywele.
Kilichobaki nakiogopa, nimekificha nyuma ya unga.

Sasa ni Aprili.
Tangu alfajiri mvua haijashusha pumzi,
na Msimbazi unaongea kwa sauti ninayoijua.
Nimepanga viroba vya mchanga mlangoni,
cherehani nimeipandisha juu ya kabati.
Simu inalia. Havijawa.
Nyuma yake nasikia kijiko kinagonga meza.
"Mzee anamuulizia mama wa mkate. Anasema uko wapi?"

Mwambie nimekaa juu ya ukuta wangu.
Viroba sita.
Miti bado.