Tonge Lisilo na Mchuzi

Jumamosi, saa nne, kwa Bi. Tomoe kule Bangwe,
tulivua viatu mlangoni kama waingiao msikitini:
mimi, Mama Riziki muuza migebuka wa Kibirizi,
vijana wawili wa hoteli, na nesi Nyamizi.

Mimi nimepika miaka kumi na tisa
katika behewa la chakula, Kigoma hadi Tabora na kurudi.
Nimekaanga mayai gari likipinda Uvinza,
sufuria nimeibana kwa goti, kitunguu kikinikimbia.
Sijawahi kupika mahali pasipotikisika.
Ndiyo maana mkono wako una haraka, alisema Bi. Tomoe;
unashika kisu kama mtu anayeachwa na treni.

Kwanza mchele. Tuliuosha maji saba.
Ya kwanza meupe kama tui; ya saba, naona kucha zangu.
Mama Riziki akaguna: "Tunaosha mchele au maiti?"
Bi. Tomoe akacheka kwa adabu. Hakuna aliyemtafsiria.

Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza,
akatwambia kwamba kwao nako mpunga una jina lake,
mchele una lake, na wali lake.
Tukanyamaza kidogo.
Mwenye majina matatu kwa kitu kimoja
amewahi kukisubiri kwa njaa.

Siki, sukari, chumvi. Akanipa upepeo,
ule ule wa ukili, wa kuchochea jiko la mkaa,
akasema: Poza.
Umri wangu wote nimepepea ili kiwake.
Leo napepea ili kitulie,
na mkono ukawa haujui uende kwa kasi gani.

Tulipofika kwenye samaki, vijana wa hoteli wakatazamana.
Mbichi? Nyamizi alishaandaa hotuba yake ya minyoo.
Bi. Tomoe akatikisa kichwa: wa ziwani, mbichi, hapana.
Akafunua kawa:
mgebuka wa moshi, wa Mama Riziki mwenyewe,
umetolewa miba mmoja mmoja kwa kibano cha nyusi.
Mama Riziki akamtazama samaki wake
kama anayemwona mwanawe na sare ya shule siku ya kwanza.

Karatasi za mwani zilikuja kwa posta, miezi miwili njiani.
Kopo lina kumi, sisi watano.
Ya kwanza niliijaza kama daraja la tatu siku ya kuamkia Idi;
ikapasuka ubavu.
Ya pili nikalowesha vidole, nikatandaza kidogo,
nikakunja kwa kale kamkeka ka mianzi
bila kubonyeza, kama unavyoshika mkono wa mgonjwa.
Ikakubali.

Halafu tonge la kiganja.
Kwetu, alisema, mtu hulisomea miaka mingi.
Tukatazama vidole vyetu,
vilivyofinyanga ugali wa muhogo tangu hatujui kutembea,
na kabla hajamaliza kueleza, matonge matano yamekaa kwenye sahani.
Akachukua langu. Akaligeuza. Akalitafuna kwa muda.
"Zuri," akasema, "ila limebanwa mno.
Lenu linabanwa kwa sababu linakwenda kuchovya.
Hili halina mchuzi. Liache lipumue."

Nilimpelekea Mwavita vipande sita kwenye hotipoti.
Akanusa, akaonja ncha.
"Wali baridi, una uchachu.
Mume wangu, hiki ni kiporo kilichovalishwa suti."
Akaongeza pilipili, akaongeza ndimu,
akauliza kama Wajapani wana jino la kutafunia karatasi.

Usiku nikaamka kunywa maji.
Hotipoti wazi, vipande viwili tu.
Mwavita yuko gizani, amekaa kwenye kigoda, mdomo umejaa,
na mimi, mtu wa kengele na filimbi,
nikarudi kitandani taratibu
nisije nikamkatisha.