Ukurasa wa Kumi na Saba

Duka langu ni mlango mmoja na dirisha la wavu,
hapa Mtondooni, njia ya kwendea Konde,
pale lami inapokatika
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Juu ya meza pana mizani, pakiti za chumvi,
na daftari la deni, jalada lake limefutika picha.
Mnanijua: Riziki binti Shaame. Naandika kila kitu.

Ukurasa wa kumi na saba ni wa Mbarouk Faki.
Kabla hajaitwa Mheshimiwa alikuwa mwalimu wa hesabu,
akichukua sukari nusu kilo, mafuta ya taa chupa moja,
akisema, "Bi Riziki, mwisho wa mwezi, inshallah."
Mwezi ukesha. Ikaja kampeni. Akapita.
Elfu kumi na mia nne.
Wino ule mpaka leo haujapauka.

Nyuma ya karatasi ile ile nikaanza kuandika mengine,
maana mizani haina sahani moja.
Mfunguo tatu: maji yamefika skuli.
Mfunguo tano: bomba limekohoa, likanyamaza.
Mashine imeungua, akasema. Fundi yuko Unguja, akasema.
Tukarudi kisimani na ndoo zenye picha yake.
Alizigawa mwenyewe. Ndoo nzuri, hazivuji.

Na hili nimeliandika, nisije nikaulizwa kwa Mola:
usiku ule mke wa mwanangu, Mgeni, alipozidiwa na uchungu,
na gari ya wagonjwa imelala juu ya matofali,
ni yeye aliyekuja, kikoi kiunoni, macho yamejaa usingizi,
akamwendesha mpaka Wete
juu ya mashimo yale yale aliyoapa kuyafukia.
Mtoto yu hai. Tumempa jina Mbarouk.
Ukiliita jina hilo hapa kijijini,
anayeitika ni huyu mdogo tu.

Haya, niambieni, nyinyi mnaobishana kizingitini pangu tangu alasiri:
ule ulikuwa wema wake, au kazi yake?
Na asiyekuwa na namba ya Mheshimiwa kwenye simu,
uchungu wake usubiri?
Tulimpeleka Chukwani akatutafutie tairi nne.
Karudi yeye mwenyewe ndiye tairi.
Namshukuru, wallahi. Na bado namdai.

Juzi kaja. Kura imebaki miezi miwili.
Nyuma yake vijana sita na mpiga picha.
Kaitua bahasha juu ya mizani yangu, mshale ukaruka.
"Bi Riziki, leo nalipa deni la kijiji kizima.
Funga daftari."
Makofi! Na waliopiga nawajua kwa kurasa zao:
ishirini na mbili, thelathini, arubaini na moja.

Mie nikavaa miwani. Nikalamba kidole.
"Mwalimu," nikamwita kwa jina la zamani,
"lako ni elfu kumi na mia nne. Lipa lako.
Hawa watalipa wenyewe, karafuu zikikauka.
Wanachokudai wao hakimo dukani kwangu."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Akapapasa mfuko wake mwenyewe, bahasha hakuigusa,
akatoa noti ya elfu kumi.
Mia nne hakuwa nayo.
Nikaandika: kalipa. Baki, mia nne.

Bahasha kaondoka nayo, na wapo walioninunia.
Jana kutwa sikuuza hata kiberiti.
Mwanangu kaniambia, mama, ile mia nne isamehe,
ni pesa ya nini siku hizi?
Siisamehi. Asiyedaiwa kitu
hana la kumrudisha njia hii.

Leo alfajiri Mgeni kapita akienda kisimani,
ndoo mkononi, ile picha imechubuka mpaka puani.
Mbarouk mdogo, mgongoni, kanyoosha kiganja, anataka pipi.
Nimempa.
Nimeandika.