Mara ya Sita

Uwanja wetu wa Igombe una kazi mbili.
Mchana ni wa dagaa. Akina mama hutandaza nyavu,
fedha ndogondogo hadi kwenye majabali,
nasi husubiri mpaka saa kumi
Mama Nyamizi akunje wavu wake wa mwisho,
atutazame miguu yetu mitupu, aseme:
"Haya, vueni akili mcheze."

Ndipo Kocha Shigela hupiga filimbi.
Hushika kwa kushoto. Mkono wa kulia haupandi juu ya kifua
tangu Nakuru, msimu wa kumi na moja,
alipoingia katikati ya wanaume wawili
kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake,
na mlango ukafungwa.

Kabla ya hapo alibeba magunia Mwaloni, Kirumba.
Mtu mmoja alimwona akishuka ubao na kilo mia
bila kuangalia chini, akamuuliza:
unaujua mpira wa yai?
Akajibu yai analijua, la kuku.
Akavuka mpaka na shati moja.
Akarudi na sifa ambazo huku hazina wa kuzisikia,
bandeji, sikio lililojikunja kama uyoga,
na mpira. Mmoja tu.

Wiki mbili hatukuugusa.
Alianza na kuanguka.
Bega kwanza, kidevu kifuani, usitangulize mkono,
mkono ni wa kulia ugali.
Nilimeza mchanga wenye magamba
mpaka mama akaniuliza kama nimeajiriwa kwa Nyamizi.

Kisha akatupa hesabu.
Watakuangusha mara sita. Tano ni zako:
inuka, usogeze mpira nyuma kwa kisigino, endelea.
Ya sita, mpira si wako tena.
Utautoa, au utatolewa.
Bugumba akauliza: na wewe, Kocha, ulitoaje?
Akafuta filimbi kwenye suruali. Akalitazama ziwa.
"Mimi nilitolewa," akasema. "Mstari. Pangeni mstari."

Jumamosi walikuja vijana wa Musoma.
Tulifungwa, idadi sitaitaja.
Mara ya sita ya mwisho nikapiga teke,
upepo ukauchukua mpira,
ukaangukia kwenye magugu maji
ukatulia humo, yai hatimaye kiotani.
Musoma wakacheka. Mwamuzi akatazama saa.

Kocha hakusema neno. Alivua viatu,
akakunja suruali, akaingia.
Maji magotini. Kiunoni.
Mkono wa kulia ulielea pembeni yake
kama kitu cha kuazima.

Alipoufikia hakugeuka.
Mpira huu hurushwa nyuma
ndipo watu wapate kwenda mbele.
Alitufundisha hivyo siku ya kumi na tano,
tukadhani ni sheria tu.
Aliutupa kwa kushoto, juu ya bega bovu,
bila kuangalia nani yupo.

Nilikuwa nimeshaingia hadi mapajani.