Shingo Haijui Paja

Jumamosi, Mlango Mmoja, robota limekatwa kamba
na Nkwabi kapanda juu ya meza, anaimba bei:
buku sita, buku sita, mwenye macho aone.
Anachomoa jinzi, ananizungushia mshipi wake shingoni,
ncha mbili zinagusana kisogoni.
"Imekukubali, dada. Lipa uende."

Ndivyo tunavyopimwa hapa.
Shingo ikienea, kiuno kimeenea,
na sikatai, kwa kiuno hesabu hiyo hainidanganyi.
Ila shingo haijui paja.

Nyuma ya turubai, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
binti wa Nkwabi ameshika kanga iwe mlango.
Ya kwanza inafika magotini, inatafakari, inapanda kidogo,
halafu inagoma
kama kivuko cha Kamanga kilichoona malori yamezidi.
Ya pili naipandisha kwa kurukaruka. Ndoo inalia,
kanga inatikisika, wanunuzi wa mashuka wanageuka.
Ya tatu, ajabu, inapita.
Mapaja yameingia yote, yametulia
kama wageni waliopewa viti,
lakini kiunoni, kwa nyuma, pamebaki wazi,
mdomo wa sato kwenye beseni la barafu:
ngumi inaingia, na simu, na nauli ya kurudi.

"Tia mkanda," anasema Nkwabi.

Nimetia mikanda miaka kumi na mitatu, Nkwabi.
Najua kitambaa kinavyojikunja chini ya blauzi
mpaka shangazi za watu wanauliza ni miezi mingapi.
Najua pia zinavyokufa.
Hazifi magotini kama za kaka yangu.
Zinafia ndani, juu, pale mguu unapoteta na mguu
kila hatua, kutoka Mabatini hadi stoo
ninakohesabu magunia ya mashudu:
kwanza weupe, kisha uzi mmoja, kisha upepo.
Tano zimeniacha hivyo.
Moja iliniacha kanisani, nimeinuka na sadaka mkononi.

Mama anasema ni mapaja ya Bibi Milembe wa Magu,
yaliruka mtoto yakashuka kwa mjukuu.
Mimi nasema ni ya mawe.
Nyumba yetu imekaa juu ya jiwe, na jiwe juu ya jiwe,
ngazi mia na kumi na nane, hakuna mbili zinazolingana,
na ndoo kichwani tangu darasa la pili.
Mlima nao ni fundi.
Hushona kwa kuongeza.

Basi nalipa buku sita, nashuka Makoroboi
kwa Masalu, mwenye cherehani iliyofungwa waya mguuni.
Masalu hagusi shingo.
Anatia futi, anaandika namba kwa chaki kwenye ukuta,
hasemi nimejaliwa, hasemi nipunguze ugali.
Anauliza tu, "Kwenu mnapanda?"
Tunapanda.
"Sana?"
Sana.
Anafumua mshipi, anakata kabari mbili nyuma,
kisha kutoka kwa marehemu wa kanisani,
ambaye nimemleta kwenye mfuko wa rambo,
anakata kipande chenye pembe nne
na kukishonea pale pa ugomvi, katikati ya miguu.
Almasi ya bluu.
Mwadui wachimbe tu, yangu ndiyo hii.

"Buku tatu. Vaa. Chuchumaa."

Nachuchumaa mbele ya mwuza karanga,
mbele ya vijana watatu na pikipiki yao,
mbele ya mama mmoja aliyebeba kuku kichwa chini.
Nyuma hapajafunguka mdomo.
Masalu ameinamisha sikio, hanitazami,
anasikiliza uzi.
"Simama," anasema. "Chuchumaa tena."

Jioni napanda kwetu na kilo mbili za mchele.
Ngazi ya arobaini na moja, ile ndefu,
iliyoniulia ya nne,
nasimama kidogo, nahamisha mchele mkono wa kushoto,
nainua mguu.