Daftari la Zamu ya Usiku

Saa nane usiku, Hull.
Chumba namba nne: Bi Thackray amegeuzwa, ubavu wa kushoto.
Amekunywa maji nusu bilauri.
Ameuliza kama treni imeshapita.
Naandika hivyo, natia saini, naendelea chumba namba tano.

Kazi yangu ni kuandika usiku wa wengine.
Gillian alinifunza wiki ya kwanza:
usiandike "amekasirika," andika "amerusha kijiko."
Usiandike "ana huzuni."
Andika mikono yake ilifanya nini.

Februari, theluji iliyotangazwa ikageuka mvua,
nikanunua daftari sokoni, la pauni moja, jalada la bluu,
nikasema nami nitajiandika vivyo hivyo:
mgonjwa asiye na namba ya chumba.

Ukurasa wa kwanza haukunipa shida.
Korogwe. Mtoto wa tatu. Mkonge hadi macho yachoke.
Ukurasa wa pili nikaanza kisa cha chupa ya chai,
nilichokisimulia harusini, kwenye basi la Leeds,
jikoni humu na Wapolandi wa zamu ya asubuhi,
na kila mara watu hucheka:
chupa ya maua mekundu, ya wageni tu,
mama anaitikisa sikioni, cha, cha, cha,
nje nzima, ndani kioo kimekuwa changarawe,
na mdogo wangu Kibwana
anaruka kama panzi kwa kila fimbo.

Nikaandika: Kibwana amevunja chupa.
Kalamu ikasita.
Andika ulichokiona.

Niliona mkono.
Mkono ulikuwa na bangili ya plastiki, ya kijani.
Kibwana hakuvaa bangili.

Nikakata mstari. Nikaandika upya, kama ripoti:

Saa kumi jioni. Msichana, miaka tisa, amebeba chupa kwa mkono mmoja.
Imemponyoka. Ameiokota. Ameifuta vumbi kwa gauni.
Ameirudisha kabatini, maua yakitazama mbele.
Ameulizwa. Amenyamaza.
Amesimama dirishani, amehesabu fimbo.
Sita.

(Harusini nilikuwa nikisema tatu.)

Nilikaa na ile sita
mpaka mashine ya kufulia ikamaliza kuzunguka
na shakwe wakaanza kugombana juu ya mapipa.

Waingereza husema nimekuwa mwenzao upesi.
Nikigongwa na toroli dukani, mimi ndiye nasema sori.
Mlango ukigoma, sori.
Basi likichelewa, sori, namwambia dereva.
Nami nikadhani ni adabu ya hapa,
imeniingia polepole kama unyevu wa ukutani.
Kumbe nilikuja nayo.
Kilo ishirini na tatu za sanduku, na hiyo haikupimwa.

Neno lao ni moja, pana, lina nafasi ya kila mtu.
Sisi tuna mawili:
pole, ya kumpa aliyeumia,
na nisamehe, ya kuombwa na aliyeumiza.
Miaka kumi na mmoja nimeishi ndani ya lile moja
ili nisiulizwe niko upande upi.

Jumapili nikampigia Kibwana.
Ni fundi wa friji sasa, ana mapacha, wanapiga kelele nyuma yake.
"Chupa ipi?" akasema.
"Nilipigwa kwa mengi, dada. Sikuweka hesabu."
Akacheka. Salio lake likaisha, au mtandao.

Basi hesabu imebaki kwangu.
Nimeiandika kwa wino, ukurasa wa tatu, bila mzaha,
na bado sijui kama nimepungukiwa na kitu
au nimeongezewa.

Saa kumi na moja alfajiri.
Chumba namba nne: kikombe kimemponyoka Bi Thackray.
Chai imeingia godoroni.
Amesema sori, sori, sori.
Nimemuuliza, kwa Kiswahili: ipi?
Amenitazama. Amenishika kidole kimoja.
Shuka zimebadilishwa.
Treni, nimemwambia, bado.