Daftari la Kuku, Nkuhungu

Siku ya kwanza: glukosi kwenye maji, vijiko viwili.
Vifaranga mia mbili, jiko la mkaa katikati,
magunia dirishani,
maana Julai ya Dodoma ina upepo usiobisha hodi.
Siku ya saba, kideri. Ya kumi na nne, gumboro.
Vitamini ya unga, ya manjano, niliuziwa Majengo
na kijana aliyeapa watavimba kama maandazi.

Nilijua kila kitu kwa gramu.
Mashudu ya alizeti ya Kibaigwa nayanusa kwanza,
yakinuka uvundo siyachukui.
Dagaa nimewapepeta mchanga mimi mwenyewe.
Chokaa kwa ajili ya mifupa,
na majani ya mlonge, niliyoyaanika uvunguni mwa kitanda
kwa sababu jua huyanyang'anya nguvu.
Masima akasema, "Damari, hawa kuku wana daktari kuliko sisi."
Nikacheka. Nilikuwa napima.

Alhamisi, kumi kwenye mizani ya ndoano:
kilo moja na robo, kilo moja na robo, kilo moja na nusu kasoro.
Nikaandika.

Ijumaa, zahanati.
Mizani ni ileile, ndoano ileile,
ila hii ina suruali ya turubai.
Ndahani akaning'inia, miguu hewani.
Hakulia. Ningefurahi kama angelia.
Muuguzi akatia nukta kwenye kadi,
chini ya nukta ya mwezi jana.
"Miezi kumi na minne, kilo saba na nusu. Unampa nini?"

Nami, niliyemtajia bwana mifugo bila kukohoa
protini asilimia ishirini na mbili, wiki tatu za mwanzo,
nikatazama kucha zangu, zina pumba.
"Uji."
"Wa nini?"
"Uji tu. Na ugali wetu, na mlenda."
Hakunigombeza. Aliita, "Anayefuata."

Bandani wakanikimbilia, weupe, wajinga,
vifua vimewazidi miguu.
Sikuwachukia. Kuku hana kosa,
kala alichopewa.

Mlonge ulibaki konzi mbili.
Moja nikaitia kwenye pumba.
Ya pili nikaisaga, nikaichekecha kwa kitambaa,
kijiko chake kikaingia kwenye uji wa uwele na karanga.
Ndahani akatema, kijani mpaka kidevuni.
Akakitazama kijiko.
Akaachama tena.

Jioni Masima alihesabu banda mara mbili.
"Mmoja hayupo."
"Yuko chunguni."
"Siku kumi kabla ya soko?"
"Siku kumi," nikasema, nikamwongezea mchuzi.

Kwenye daftari, chini ya dawa na madeni ya chakula,
nimepiga mstari kwa rula:
jina, tarehe, uzito.
Safu ya mwisho, ile ya maoni,
bado sijaiandika kitu.