Kabla Mthamini Hajafika

Lali, uliniandikia: harakisha.
Nimeharakisha.
Hati nimeitoa kwenye kasha la njumu,
nikaipangusa kwa ukingo wa leso.
Jina la babu limeliwa na mdudu kwenye herufi ya tatu,
lakini namba ya kiwanja yasomeka.
Nimeitia bahasha moja na ramani,
risiti za kodi ya kaunti za miaka minne,
barua ya kadhi kwamba nyumba si wakfu,
na karatasi ya fundi Bunu: boriti kumi na nne mpya,
chokaa, kazi ya siku tisa,
na siku ya kumi ambayo hatujamlipa.
Hiyo nimeikunja kwa ndani.

Mthamini alipiga simu kutoka Mombasa,
akisema taratibu kama anayesoma kipimo cha dawa:
milango yote iwe wazi, taa ziwake,
dari ionekane, ngazi isiwekwe kitu,
mbwa afungwe.
Nikamwambia, mbwa, hapa Mkomani?
Tuna paka kumi na mmoja, na si wetu.
Akanyamaza kidogo. Basi paka, akasema.

Tukapanda yuu mimi na vijana wa jirani,
tukateremsha friji mbili mabovu za Ami Famau,
magunia ya makaa, baiskeli yako isiyo mnyororo.
Punda alikwenda safari sita.
Ya saba akakataa, akasimama katikati ya kichochoro,
watu wakapita kwa ubavu mpaka adhuhuri.

Kikabaki chumba cha ndani.

Wajua ufunguo uko wapi.
Nilimuuliza mthamini, tukikiruka je?
Akasema ataandika: hakikukaguliwa,
kisha benki itamrudisha,
na kurudi kwake ni ada mpya, basi jipya, boti jipya.
Basi nikavaa buibui nikateremka Langoni.
Usinipambe, Lali, sikwenda kwa ajili ya udugu.
Nilikwenda kwa ajili ya nauli.

Shangazi Shekue hakuitika salamu.
Alikuwa akichagua mchele.
Akauliza: anakuja kupima au kununua?
Kupima, nikasema.
Akachagua chenga tatu zaidi,
akafungua fundo kwenye pindo la leso yake.
Ufunguo ulikuwa pale.
Si sandukuni, si chini ya mto.
Pindoni, miaka saba, tangu tugombee ile samadari.
Hakunipa. Alisimama, akatafuta viatu.

Bwana Musyimi alifika saa nne kasorobo,
kijana, shati limelowa mgongo,
na kijidude mkononi chenye kutema kidoa chekundu.
Kidoa kikatua ukutani, kikapima msana,
kikapima kiwanda, kikapita juu ya birika
na samaki wakakikimbilia wakidhani ni chakula.
Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemtafutia karatasi.
Ndani ya chumba akauliza:
hivi vishimo vya ukutani ni vingapi?
Zidaka, akasema Shangazi. Ni sabini na mbili, usihesabu.
Akahesabu. Sabini na moja.
Shangazi akauvuta ubawa wa mlango,
ule tuliokuwa tukiuacha wazi daima,
na nyuma yake kimoja, kidogo, cheusi kwa moshi wa kibatari.
Mimi nilizaliwa nyumba hii, Lali.
Sikukijua.
Kijana akafuta, akaandika upya.

Dakika hamsini na tano, chai ikiwemo.
Alisema hajapata nyumba iliyokwenda wepesi hivi,
akaomba aelekezwe gatini.

Bei utaletewa baada ya wiki mbili.
Ukiipata, nisomee kwanza idadi ya zidaka,
mengine baadaye.
Shangazi yungali hapa. Amelala kwenye samadari
viatu miguuni, mlango u wazi,
na sijui sasa ufunguo anao nani.
Na fundi Bunu ameketi dakani tangu alasiri.
Amesikia kuna pesa.
Mtumie ya siku ya kumi.